Baada ya "Ndiyo, Mwalimu"

Katika darasa la shule ya msingi, iwe Rungwe mkoani Mbeya au Kilolo mkoani Iringa, swali "Tumeelewa?" hujibiwa "Ndiyooo!" kwa sauti moja, hata na mtoto asiyejua kinachoulizwa. Jibu hilo ni adabu zaidi kuliko kipimo cha uelewa, lakini mara nyingi ndilo linalofuta ubao na kulisogeza somo mbele. Mmarekani Philip Jackson aliandika mwaka 1968 kwamba mwalimu wa msingi anaweza kubadilishana maneno na wanafunzi hadi mara 1,000 kwa siku. Kwa kasi hiyo haiwezekani kupima kila kitu. Ustadi wa mwalimu, kwa maoni yangu, umo katika kujua dalili ipi ya kuaminiwa.

Tuangalie usomaji. Kihehe na Kinyakyusa havitofautishi "r" na "l", hivyo mtoto aweza kusoma "lafiki" palipoandikwa "rafiki". Mwalimu mwenye haraka humkatiza papo hapo, na mtoto hupoteza sentensi nzima. Mwenye kusikiliza humwacha amalize, kisha humuuliza huyo rafiki alifanya nini. Akijibu sawasawa, kusoma amesoma. Ulimi utanyooshwa baadaye. Akiandika "lafiki" daftarini, hilo sasa ni kosa la tahajia na lisahihishwe. Katika hisabati, daftari moja lenye 1/2 + 1/3 = 2/5 linaweza kuwa la mtoto aliyeteleza. Madaftari matano ya madawati tofauti yenye jibu hilo yanamwambia mwalimu asimamishe somo, aulize: kati ya 2/5 na 1/2, ipi kubwa? Imekuwaje tujumlishe tukapata pungufu ya tulichoanza nacho?

Utasikia kwamba haya ni ya madarasa yenye wanafunzi wachache. Kweli, tangu sera ya elimu bila malipo ianze kutekelezwa mwaka 2016 uandikishaji uliongezeka, na uwiano wa mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45 kwingi umebaki kwenye karatasi. Lakini ndiyo sababu ya kuchagua: madawati machache kila kipindi, ya nyuma yakiwemo. Na kuna sekunde za kusubiri jibu. Mtafiti Mary Budd Rowe alionyesha miaka ya 1970 kwamba walimu husubiri jibu kwa takriban sekunde moja tu. Wakisubiri tatu au zaidi, majibu hurefuka na wasiozoea kujibu hujitokeza. Hilo halingoji bajeti.

Pingamizi zito zaidi ni andalio la somo: mthibiti ubora atalikagua, na mada lazima ziishe kabla ya mtihani. Andalio ni la lazima, ila liliandikwa kabla ya watoto kujibu, na ndiyo maana lina sehemu ya tathmini mwishoni. Mwalimu akijaza "wengi wameelewa", amerudia kibwagizo cha darasa. Akiandika "katika sehemu, wanajumlisha asili kwa asili", kesho anajua pa kuanzia, na wenzake wana jambo la kujadili watakapokutana kwenye jumuiya ya ujifunzaji shuleni.