Makala Moja ya Daktari wa Mulago

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Mpenzi msomaji, methali hii ina kazi hata katika sayansi, nami nitaieleza kwa kisa cha Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland ya Kaskazini aliyefanya kazi hapa jirani, Uganda. Wengi wetu hudhani mtafiti mkubwa ni yule aliyeandika makala chungu nzima. Mimi nauliza hivi: ni nani aliyeichukua makala akaendelea nayo?

Mwaka wa 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, Dkt. Hugh Trowell alimwita Burkitt amwone mtoto aliyevimba taya pande zote mbili, juu na chini. Burkitt hakuelewa. Wiki chache baadaye, akiwa Jinja, akaona mtoto mwingine wa namna iyo hiyo. Hapo ndipo alipoanza kupekua rekodi za wagonjwa. Mwaka wa 1958 akachapisha makala katika jarida la British Journal of Surgery. Ilikuwa fupi, kurasa chache tu, na hata jina alilotumia halikusimama. Aliuita ugonjwa huo sarkoma, lakini wenzake waliochunguza uvimbe kwa hadubini walionyesha kuwa ni limfoma, yaani kansa ya chembe nyeupe za damu.

Je, makala ilivuma? Wapi! Jarida lile lilisomwa na wapasuaji, si watafiti wa kansa. Na kumbuka kwamba miaka mingi kabla yake, Dkt. Albert Cook wa Hospitali ya Mengo alikuwa amewaona watoto kama hao akaandika habari zao. Daftari lilikuwepo, ila lilibaki kabatini.

Burkitt hakungoja kusomwa. Aliandikia hospitali nyingi za Afrika akiuliza kama ugonjwa huo wanao, kisha akatia alama kwenye ramani. Mwishoni mwa 1961, yeye na madaktari wawili walichukua gari kuukuu wakasafiri kama kilomita 16,000 kuelekea kusini, hospitali hadi hospitali. Ramani ikasema wazi: ugonjwa haupendi mahali penye baridi wala pakavu. Ndiyo maana hapa Kenya huonekana zaidi Nyanza na Pwani kuliko nyanda za juu. Ni ramani ya malaria hiyo! Leo inajulikana kwamba malaria ya mara kwa mara huchangia.

Kabla ya safari hiyo, Machi 1961, Burkitt alitoa mhadhara London. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo Anthony Epstein, ambaye papo hapo alihisi kuna virusi. Vipande vya uvimbe vikawa vinatumwa kwa ndege kutoka Kampala. Karibu miaka miwili, hakuona kitu. Kisha siku moja mwaka wa 1963 ukungu ukailazimisha ndege itue Manchester, na kipande kikafika kimechelewa, maji yake yakiwa machafu kama yaliyooza. Mwingine angemwaga. Epstein aliyatazama, akakuta chembe za kansa zikielea, hai! Chembe hizo zikakuzwa, na mwaka wa 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza katika Lancet kuwa wameona virusi ndani yake. Vilikuwa vya kwanza kuhusishwa na kansa ya binadamu. Huitwa Epstein-Barr. Achong, mtu wa Trinidad, jina lake likaachwa, na mimi naona si haki.

Mwaka wa 1982 wanasayansi wakaingia ndani zaidi. Waligundua kuwa katika kansa hii jeni iitwayo MYC hukatika kutoka kromosomu ya 8 na mara nyingi kuhamia ya 14. Huko huwa kama mfereji usiofungika, na chembe hugawanyika bila kupumzika.

Burkitt alichapisha pia habari ya matibabu. Mulago haikuwa na mashine ya miale, basi akatumia dawa pekee, na baadhi ya watoto wakapona kwa dozi chache tu. Alifariki mwaka wa 1993, lakini kansa hiyo bado inaitwa kwa jina lake na bado inawapata watoto wa kando ya Ziwa. Uvimbe wake unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Kwa hivyo mtoto mdogo aliyevimba taya na meno yakawa yanalegea apelekwe hospitali wiki iyo hiyo, asipelekwe kung'olewa meno kwanza.