Likizo ya Watoto: Tuwafunze Kuijua Ardhi Wanayoikanyaga

Watoto ni amana tuliyopewa na Mwenyezi Mungu Mtukufu, na kila aliyepewa amana ataulizwa habari zake. Twajitahidi kuwalisha, kuwavika, na kuwapeleka shule na madrasa. Na hilo ni jambo jema. Lakini ufikapo mwezi wa Juni na mwezi wa Desemba, shule zinapofungwa, amana hii wengi wetu twaiacha ovyo. Mtoto huyu hushinda ameinamia simu ya baba yake, na yule hushinda barazani akisikiliza maneno yasiyomfaa. Basi leo twapenda kusema na wazazi na vijana juu ya njia moja ya kuitumia likizo, nayo ni kambi ya kutwa. Watoto hukusanyika asubuhi, wakatoka na mwalimu wao kwenda mtoni, msituni au shambani kujifunza, na kabla jua halijatua kila mmoja amekwisha rudi kwao.

Jambo hili si geni duniani. Huko Marekani kambi ya watoto inayotajwa sana kuwa ya mwanzo ni ile ya mwalimu Frederick Gunn wa jimbo la Connecticut, mwaka 1861, na tangu hapo kambi za likizo zimekuwa desturi ya nchi hiyo. Afrika Mashariki nayo haikubaki nyuma. Kenya vyama vya wanafunzi vya kuhifadhi wanyama vilianza mwaka 1968, na kwetu Tanzania vyama vya Malihai vilianzishwa mwaka 1980. Mwaka 1991 wanafunzi kumi na wawili walikutana Dar es Salaam nyumbani kwa Bibi Jane Goodall, yule mtaalamu wa sokwe wa Gombe aliyefariki mwaka 2025, na katika mazungumzo yao kikazaliwa chama cha Roots & Shoots, ambacho leo kimeenea katika nchi nyingi.

Wako watakaotucheka. Watasema: “Watoto wa Ulaya ni watu wa mjini, hawajaona hata ng’ombe, lakini mtoto wa Nambis ana haja gani ya kupelekwa porini? Si ndiko aamkiako na ndiko alalako?” Swali hili lina maana, nasi twalijibu hivi: kukaa na kitu si kukijua. Hapo zamani mtoto alijua kwa sababu alifuatana na babu yake machungani siku nzima, akaambiwa mti huu ni dawa ya tumbo, na huu ng’ombe akiula hufa. Leo mtoto yuko darasani tangu asubuhi mpaka alasiri, na wengine wako shule za bweni, hawaonani na babu ila kwa majuma machache. Babu anaondoka na elimu yake, na mjukuu hana habari. Ardhi ni ile ile, lakini mwenye kuisoma amepungua.

Na kutoisoma ardhi si jambo la mchezo. Wote twakumbuka Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023. Baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima Hanang, mlima unaozidi mita 3,400, ilimeguka, na tope, mawe na magogo vikateremka mpaka Katesh, Gendabi na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walifariki, na watoto walikuwamo. Mwenyezi Mungu awarehemu. Hatusemi kwamba mafunzo ya watoto yangaliuzuia mlima; kadari ya Mungu haina mzuiaji. Lakini twaamrishwa kutahadhari, na tahadhari ni elimu. Mtoto akaaye chini ya mlima yampasa ajue alama hizi: nyufa mpya katika mteremko, miti iliyoanza kuinama, mto uliogeuka tope ghafla, au mto uliopungua maji ghafla hali mvua inanyesha, kwani huenda umezibwa huko juu. Ajue pia kwamba akisikia mngurumo asikimbie kuufuata mto kwenda chini, bali atoke bondeni kwa upande, apande mahali palipoinuka. Masomo haya hayaingii vema kwa ubao na chaki. Huingia mtoto anaposimama kando ya korongo, akaonyeshwa kwa kidole.

Sasa tutazame kambi yenyewe iweje. Siku tano zatosha, na kila siku iwe na somo lake.

Siku ya kwanza iwe ya maji. Watoto wapelekwe kwenye kijito, waelezwe jinsi misitu ya nyanda hizi, kama ule msitu wa hifadhi wa Nou, inavyoipokea mvua na kuitoa polepole wakati wa kiangazi. Kisha wapimiwe maji kibaba kimoja, waambiwe kuwa kadiri hiyo ndiyo iliyomtosha Mtume wetu (S.A.W.) kutawadha. Kila mtoto ajaribu. Atakayeweza hatasahau maisha yake, na nyumbani hataliacha bomba wazi.

Siku ya pili iwe ya miti. Aitwe mzee wa Kiiraqw anayeijua, awatajie majina na kazi zake, na kila mtoto apande mche mmoja na kuutunza. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa mti aliopanda Mwislamu, akila kwao mtu, mnyama au ndege, huandikiwa sadaka.

Siku ya tatu iwe ya udongo. Hapa hatuna haja ya kutafuta mfano mbali. Kainam, nchi ya asili ya Wairaqw, watu wamelima miteremko mikali kwa vizazi vingi bila ya udongo kwisha, kwa kupiga matuta ya kukinga maji na kutia samadi ya ng’ombe. Watoto washike majembe, wapige tuta moja, na mvua ikinyesha warudi kulitazama.

Siku ya nne iwe ya nyuki na ndege. Wafunzwe habari za Wahadza wa bonde la Yaeda, wanaomfuata mlembe, yule ndege mdogo awaitaye watu mpaka kwenye nyuki. Mtu akapata asali, na ndege akapata nta. Mwalimu akumbushe kwamba katika Kurani imo Sura ya Nyuki, imo ya Sisimizi, na imo ya Buibui.

Siku ya tano iwe ya mlima na alama zake, kama tulivyokwisha eleza.

Gharama zake ni ndogo. Chakula ni viazi na uji kutoka majumbani, na sweta kwa ajili ya baridi ya Juni. Yaliyo ya lazima ni haya: idhini ya wazazi, ruhusa ya ofisi ya misitu kabla ya kuingia hifadhini, mtu mzima mmoja kwa kila watoto kumi, na mwalimu wa kike kufuatana na wasichana. Wasichana wasiachwe nyumbani, kwani wao ndio wanaoteka maji na kuokota kuni, na elimu hii ni haki yao kuliko wote. Na yule mvulana ambaye baba yake asema hana nafasi kwa sababu anachunga, basi kambi na imfuate machungani. Pengine yeye ndiye atakayewafunza wenziwe. Wala watoto wa jirani zetu Wakristo wasifungiwe mlango. Mlima ulipomeguka haukuuliza dini ya mtu.

Enyi vijana mliomaliza shule, kazi hii yawangoja ninyi. Mna nguvu za kutembea, na wazee wana maneno ya kusema; kutaneni kabla ya Juni. Nanyi wazazi, msitoe fedha msizokuwa nazo. Toeni watoto, na toeni siku moja ya babu. Mwenyezi Mungu atuwafikie katika kheri, na awalinde watoto wetu. Amin.