Mbegu Safi ya Mgomba

Migomba izaayo ndizi za kula na za kupika haioteshwi kwa mbegu. Nukta ndogo nyeusi zionekanazo katikati ya ndizi mbivu ni mabaki ya mbegu zisizokomaa. Kwa hiyo mkulima hupanda machipukizi, na kila chipukizi hurithi sifa zote za mama yake. Pamoja na sifa hizo, huweza pia kubeba maadui waliomo katika tunguu na mizizi.

Maadui wakubwa ni wawili. Wa kwanza ni fukusi wa migomba, ambaye hutaga mayai karibu na tunguu. Mabuu yake hulitoboa na kulijaza vijia. Wa pili ni minyoo midogo isiyoonekana kwa macho, ambayo huozesha mizizi. Mgomba ulioshambuliwa huzaa mkungu mdogo, tena huangushwa upesi na upepo. Hivyo mkulima amgawiapo jirani yake machipukizi kwa nia njema, huenda akamgawia na maadui hao.

Mkoani Kagera, ambako ndizi ni chakula kikuu, wadudu, maradhi na uchovu wa udongo vilipunguza mavuno. Kati ya mwaka 1997 na 2002, mradi wa maendeleo uliosaidiwa na Ubelgiji ulileta aina mpya, baadhi zikiwa zimezalishwa Honduras. Miche ya mwanzo ilitoka Chuo Kikuu cha Leuven, ikiwa imekuzwa ndani ya chupa. Katika njia hiyo, ncha changa ya chipukizi hukatwa, husafishwa, kisha huwekwa katika chakula kisicho na vijidudu. Ncha moja hutoa miche mingi isiyo na fukusi wala minyoo. Miche hiyo ilipandwa vitaluni, na machipukizi yake yakagawiwa wakulima.

Aina hizo zilizaa mikungu mikubwa. Hata hivyo, wakulima wengi hawakuziacha ndizi zao za asili, kwa kuwa walizipenda zaidi kwa ladha na upishi. Ni dhahiri kwamba uzito wa mkungu pekee hautoshi. Mwaka 2021 Tanzania iliidhinisha aina nne ziitwazo TARIBAN, zilizotokana na ndizi za kupika za Afrika Mashariki zenyewe.

Mche safi nao si kinga ya kila kitu. Ugonjwa wa mnyauko uletwao na bakteria, ulioingia Kagera mwaka 2006, huweza kuenezwa na panga lisilosafishwa. Wala mche bora haushindi ukame. Katika sehemu kama Migato, mkoani Simiyu, iliyo nchi ya pamba na mvua chache, yafaa migomba ipandwe bondeni au karibu na maji, na shina litandazwe majani makavu.

Asiyepata mche wa chupa anaweza kulisafisha chipukizi mwenyewe. Huondoa mizizi yote, hulimenya tunguu mpaka libaki jeupe, kisha hulitumbukiza katika maji yanayochemka kwa sekunde 30. Njia hii huua minyoo na mayai ya fukusi, lakini haitibu mnyauko.

Wanafunzi waweza kulikata tunguu la mgomba uliokwisha kuvunwa na kuhesabu vijia vyake. Wakilinganisha mashamba mawili, watatambua ni lipi lisilofaa kutolewa mbegu.