Mafuta na Kutu

Jembe la mkulima wa Meru likiachwa na udongo mbichi huliwa na kutu. Likisafishwa, likakaushwa na kupakwa mafuta, husalimika, kwa kuwa mafuta huzuia maji na hewa visikifikie chuma.

Hata mitambo ya meli huokolewa hivyo. Mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu, Wadachi waliizamisha meli yao Graf von Götzen katika Ziwa Tanganyika, isitwaliwe na adui. Kwanza mafundi waliipaka mitambo yake grisi nyingi. Waingereza waliiopoa mwaka 1924. Mitambo iliposafishwa, ikaonekana ingali yafaa kazi. Mwaka 1927 meli ilianza kusafiri tena, ikiitwa Liemba, ikachukua abiria miaka mingi. Waliopaka grisi ni wengine, waliofaidi ni wengine.