Manahodha Wasiotajwa Majina

Jioni moja hapa Mabela niliwaambia wajukuu wanitajie watu mashuhuri wa zama za kale. Wakakimbilia Firauni, Iskandar na Kleopatra. Mdogo wao, ambaye skuli wenzake humcheka kwa Kiswahili chake, akaniuliza: "Na sisi, Babu, hatuna wetu?"

Nikamjibu: Iskandar alikusudia kuivamia Bara Arabu, lakini akafa Babeli mwaka 323 kabla ya Nabii Isa. Katika karne ya 1 baada ya Nabii Isa, mfanyabiashara mmoja wa Misri aliandika kwa Kiyunani kitabu kiitwacho Periplus. Humo ameitaja Rhapta, bandari ya pwani yetu ya Afrika, na manahodha wa Kiarabu kutoka Muza, Yemen, waliokuwa wakienda huko, wakioa huko na kuijua lugha ya wenyeji. Majina yao hakuyaandika.

"Na watoto wao walisema lugha mbili, kama mimi?"

"Sina shaka."

Akanyamaza kidogo, kisha akaniomba chai, kwa Kiswahili.

Ndugu wasomaji, tuyaandike majina ya wazee wetu maadamu tunayakumbuka. Manahodha wale hawakupata wa kuwaandikia.