Shali ya Matundu 603

Haya wajukuu zangu, wa Tunduma na wa Vwawa, wa Mlowo na wa Itumba kule Ileje, na nyinyi wa mbali mnaosoma tu: leo nawasimulia jinsi uzi mmoja unavyogeuka kuwa shali ya pembe tatu yenye matundu mazuri ya kupitisha mwanga. Najua kati yenu wapo waliowahi kushika sindano za kufumia, na wapo ambao hawajaziona hata kwa mbali. Wote mtaelewa. Mtoto wa darasa la tano anaimaliza shali hii, mradi ajue kuhesabu na asiwe na papara.

Tuanze na baridi, maana ndiyo iliyotuleta hapa. Mkoa wetu wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, nao haufanani juu na chini. Ukishuka Kamsamba, kwenye bonde la Ziwa Rukwa, mtu hulala mlango wazi akitafuta upepo. Huku juu, Tunduma na kwenye mashamba ya kahawa ya Mbozi, tuko zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Juni na Julai alfajiri mnatoa pumzi kama moshi. Madereva wa malori wanaotoka Dar es Salaam na fulana mwilini, wakilala foleni kusubiri kuvuka mpaka kwenda Nakonde, Zambia, wanajua ninachosema.

Wazee wa nchi hii hawakungoja nguo ziletwe. Katika karne ya 19 Wanyiha, Wanyamwanga na jirani zao Wafipa walilima pamba, wakaisokota kuwa nyuzi, wakafuma vitambaa vizito kwenye kitanda cha mfumi kilicholazwa chini, karibu kabisa na udongo. Kwa Wafipa wafumaji walikuwa wanaume, kwa hiyo mvulana atakayeniambia kazi ya uzi ni ya wasichana, nitamwomba akawaulize mababu wa Rukwa. Kazi hiyo ilididimia pale vitambaa vya viwandani, merikani na vingine, vilipojaa sokoni kwa bei ndogo. Mfumi wa zamani alihitaji nyuzi nyingi: zile zilizonyooshwa kwa urefu, na ule unaopita kati yake kwenda na kurudi. Sisi leo tutatumia uzi mmoja tu, unaojishika wenyewe kitanzi kwa kitanzi, kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Vifaa ni viwili, sindano na uzi. Wengi huku hutengeneza sindano kwa spoku za baiskeli, nazo ni nzuri kwa soksi na kofia za watoto wachanga. Kwa shali ni nyembamba mno. Shali ya matundu inataka sindano nene ili vitanzi vilegee, unene wa milimita 5 au 6 hivi. Mwombe mtu mzima akupasulie mwanzi mkavu, vijiti viwili vyenye urefu wa sentimita 35 au 40. Vichongoe ncha moja, visugue kwa msasa hadi visikwaruze hata shavu, kisha vipake nta ya mshumaa na kuvifuta kwa kitambaa. Kwenye ncha ya pili funga mpira au gundisha kipande cha gunzi, vitanzi visitoroke.

Uzi unauzwa madukani, na mwingi ni wa akriliki. Sufu ya kondoo ni bora zaidi, lakini kondoo wetu wa huku wana nywele fupi zisizosokoteka. Mimi nawashauri mwende kwenye mitumba. Tafuteni sweta kubwa la sufu lililofumwa kwa uzi wa unene wa kati, kisha ligeuzeni ndani nje na kuangalia mishono ya ubavuni. Ukiona kingo zimekatwa na kuzungushiwa nyuzi nyingi za cherehani, liache, maana ukilifumua utapata vipande vifupi vifupi. Ukiona kila kipande kina ukingo wake mzima na kimeunganishwa kwa mshono mmoja tu, hilo ndilo. Fumua, zungushia uzi kwenye mgongo wa kiti, funga sehemu tatu usitatizike, osha, kisha uning'inize ukiwa na kitu kizito chini ili mikunjo inyooke. Gramu 150 zinatosha kwa shali ya mtoto, na akiba kidogo hubaki.

Sasa kaeni vizuri.

Anza na vitanzi vitatu tu kwenye sindano ya kushoto; kama hujui kuvianzisha, mwombe anayejua akuanzishie. Kufuma kitanzi ni hivi: ingiza ncha ya sindano ya kulia ndani ya kitanzi cha kwanza kutoka mbele kwenda nyuma, zungusha uzi kwenye ncha hiyo, uvute utokeze kupitia kitanzini, kisha kiachie kitanzi cha zamani kidondoke kutoka sindano ya kushoto. Umepata kitanzi kipya juu ya kile cha zamani. Ukimaliza mstari, geuza kazi, sindano zibadilishane mikono, uanze tena. Ukifuma hivyo mistari yote, kitambaa kitakuwa na matuta madogo pande zote mbili, tuta moja kwa kila mistari miwili, na hakitajikunja kingo.

Shali hii ina kanuni moja ya kila mstari. Fuma kitanzi kimoja. Leta uzi mbele, upitishe juu ya sindano ya kulia bila kufuma kitu. Kisha fuma vyote vilivyobaki hadi mwisho. Basi. Ule uzi uliolala juu ya sindano, mstari unaofuata unaufuma kama kitanzi kingine chochote, na chini yake panabaki tundu. Kwa hiyo tundu halikupunguzii kitu. Ulikuwa na vitanzi vitatu, sasa vinne. Mstari wa pili vitano, wa tatu sita. Kwa kuwa kila mstari unaanzia upande mwingine, shali inapanuka kulia na kushoto kwa zamu, na ile ncha uliyoanza nayo inabaki chini kama pembe ya mgongoni.

Kwa nini pembe hiyo inatoka vizuri hivyo? Katika ufumaji wa matuta, kimo cha tuta moja karibu kinalingana na upana wa kitanzi kimoja. Tuta moja ni mistari miwili, na mistari miwili inaongeza vitanzi viwili. Kwa hiyo shali ikipanda hatua moja inapanuka hatua mbili, na pembe ya chini inakuwa nyuzi 90. Mwalimu wa hisabati akikuuliza pembe mraba inapatikana wapi nje ya daftari, mwonyeshe.

Lakini matundu ya ukingoni peke yake hayajaleta urembo ninaousema. Kila mara sindano ya kushoto inapokuwa na vitanzi 14, 26, 38, 50 na kuendelea, yaani kila baada ya nyongeza ya 12, fuma mstari wa matundu. Fuma kimoja, pitisha uzi juu, fuma kimoja. Kisha unganisha vitanzi viwili ukivifuma pamoja kama kimoja, pitisha uzi juu. Unganisha viwili, pitisha uzi juu. Hivyo hivyo hadi vibaki viwili mwishoni, navyo uvifume kawaida. Ukihesabu vizuri, vitabaki viwili kila mara. Visipobaki viwili, umekosea mahali, na ni heri ujue mapema.

Mstari huo una siri inayonifurahisha hadi leo. Tundu la katikati ni kama mtu anayebadilisha kwacha kuwa shilingi pale mpakani: anatoa huku, anapokea kule, wala hatajiriki. Uzi uliopita juu unaleta kitanzi kimoja, viwili vilivyoungana vinaondoa kimoja, hesabu inabaki ilipokuwa. Tundu la ukingoni ndilo halitoi kitu, na ndilo linaloikuza shali. Hiyo ndiyo hekima ya nguo ya matundu inayofumwa kwa sindano mbili, iwe rahisi kama hii ama ngumu kiasi gani. Anayefuma maua na majani kwa uzi mwembamba naye anaamua kitu kilekile: tundu hili nilifidie, au nisilifidie?

Tuhesabu pamoja. Tukiishia kwenye vitanzi 150, tumefuma mistari 147. Mistari ya matundu ni 12. Wa kwanza una matundu matano ya katikati, wa pili 11, wa tatu 17, kila mmoja ukiuzidi uliotangulia kwa sita, hadi wa mwisho wenye 71. Jumla yake ni 456. Matundu ya ukingoni ni 147, moja kwa kila mstari. Yote kwa pamoja ni 603. Sasa chukua vile vitanzi vitatu vya mwanzo, jumlisha na matundu 147 yasiyofidiwa: unapata 150 kamili. Hakuna kitanzi kilichopotea njiani.

Hesabu hii ina mtego, na wengi hunaswa. Mwanzoni kazi inakimbia, mtu anajisifu. Baadaye mistari inarefuka, anaanza kuona haiendi. Vitanzi vyote vinavyofumwa kutoka 3 hadi 150 ni 11,319. Ukifika 106 kwenye sindano, unaona umeshavuka mistari 103 kati ya 147, unadhani umekaribia. La hasha! Hapo ndipo penye nusu ya kazi na nusu ya uzi. Mama yako akitaka yake na ukaendelea hadi vitanzi 220, upana utaongezeka kwa karibu nusu tu, lakini vitanzi vya kufuma vitakuwa 24,304, zaidi ya maradufu. Nunua uzi ukiwa unajua hilo.

Kuhusu makosa nitasema machache. Kabla ya kila mstari wa matundu, chukua uzi wa rangi nyingine, utie kwenye sindano ya kushonea, uupitishe ndani ya vitanzi vyote na kuuacha humo. Ukiharibu mbele, unafumua hadi kwenye uzi huo na kazi yako haishuki zaidi. Kitanzi kikidondoka, kiwahi kwa sindano ya kroshia. Na usivute uzi kwa nguvu. Matundu yanataka mkono mlegevu.

Kufunga pia kuwe kwa ulegevu. Hakikisha umebakiwa na uzi mrefu mara nne ya upana wa shali. Fuma vitanzi viwili, chukua cha kwanza ukivushe juu ya cha pili kidondoke. Fuma kingine, vusha tena, hadi kibaki kimoja. Kata uzi na uupitishe ndani yake. Ukibana hapa, ukingo wa juu utavutika na shali itakaa mabegani kama mfuko uliofungwa kamba.

Ikitoka kwenye sindano, msikate tamaa. Itaonekana imejikunyata, haina sura. Kama ni ya sufu, iloweke kwenye maji ya vuguvugu, ikamue kwa kuiminya ndani ya taulo bila kuisokota, kisha itandaze kwenye mkeka na uinyooshe kila upande ukiibana kwa pini, hadi ikauke kabisa. Hapo ndipo matundu yanapofunguka, na upana unafika kama mita moja kwa kimo cha nusu mita. Akriliki haishiki umbo hivyo, na pasi ya moto inaiyeyusha, kwa hiyo iache ijinyooshe yenyewe kwa kuvaliwa.

Mtaniuliza, nguo yenye matundu itazuiaje baridi? Kinachotunza joto la mwili ni hewa iliyotulia karibu na ngozi, na uzi wa sufu, uliojaa mikunjo midogo, huishika hewa hiyo vizuri sana. Ndani ya nyumba na asubuhi tulivu shali hii inatosha. Upepo ukivuma, utapita kwenye matundu na kuiondoa hewa yote. Siku hiyo funga kitenge juu yake. Ncha ndefu mbili zifungwe mbele au zivushwe kifuani na kufungwa mgongoni, mikono ibaki huru kuteka maji au kuchuma kahawa. Shali ya mraba ungelazimika kuikunja ndipo iwe pembe tatu, nawe ungekuwa umefuma maradufu.

Wapo wenzetu waliokwenda mbali zaidi kwa kanuni hii. Katika visiwa vya Shetland, kaskazini mwa Scotland, na huko Orenburg nchini Urusi, hufumwa shali kubwa za uzi mwembamba mno kiasi kwamba shali nzima hupitishwa ndani ya pete ya ndoa. Shetland hutumia sufu ya kondoo wao, Orenburg manyoya laini ya mbuzi. Kote huko kuna baridi kuliko yetu, na kote huko tundu huundwa kwa uzi kupita juu ya sindano, kama lako.

Basi msingoje Juni ifike. Fumueni hilo sweta la mtumba wakati wa Pasaka, chongeni sindano zenu, na atakayekuwa wa kwanza kufika vitanzi 14 awaonyeshe wenzake huo mstari wa matundu matano.