Chujio lililofichwa nyuma ya samaki

Tangi la samaki huvuta wateja, liwe Mbarara mjini au katika vibanda vya Nakivale, ambako Wakongo na Warundi huuziana kwa Kiswahili. Ila samaki hufa kwa amonia ya kinyesi chao, na hasara ni yako.

Chujio jitengenezee. Simamisha plastiki nyeusi yenye matundu nyuma ya tangi, uibandike kwa silikoni isiyo na dawa ya ukungu. Nyuma yake weka sifongo, kisha pampu ndogo irudishe maji mbele. Bakteria watakaoota humo kwa wiki kadhaa ndio wanaomaliza amonia. Maji ya bomba yenye klorini huwaua, kwa hiyo sifongo isuuze kwa maji ya tangi.

Unategemea sola? Nunua betri kabla ya samaki.